Kitenzi kwa Kichwa Kitupu: Kunyonyoka Nywele katika Tamthilia ya Wit na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tamthilia ya Wit ya Margaret Edson inavyoshughulikia kunyonyoka nywele kwa mgonjwa anayetibiwa saratani kwa tibakemikali. Yanadai kwamba tamthilia hiyo huonyesha kichwa kitupu tangu mwanzo hadi mwisho bila kukipa kitenzi, jambo ambalo Kiingereza hulivumilia kwa wepesi kuliko Kiswahili. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua kitenzi, na kila kitenzi kilichopo kina picha yake na lawama yake. Uchaguzi huo haumhusu mfasiri wa tamthilia peke yake, kwani ndio anaoufanya muuguzi anapomweleza mgonjwa kitakachompata baada ya dawa ya kwanza.

Kichwa kinachotangulia maneno

Wit iliigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 huko California, ikatunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia mwaka 1999, na kufanywa filamu mwaka 2001 chini ya uongozi wa Mike Nichols, Emma Thompson akiwa mhusika mkuu. Mwandishi wake aliwahi kuwa karani katika wodi ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI mjini Washington, na ujuzi huo unaonekana katika kila onyesho. Mhusika mkuu, Vivian Bearing, ni profesa wa miaka hamsini, bingwa wa ushairi wa John Donne, anayeugua saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa. Amekubali kupewa mizunguko minane ya dawa kali kwa kipimo kamili.

Hadhira haimwoni Vivian akiwa na nywele hata mara moja. Anaingia jukwaani akisukuma stendi ya dripu, miguu mitupu, amevaa magauni mawili ya hospitali na kofia ya kapelo, na chini ya kofia hiyo hamna unywele hata mmoja. Kilichotokea kimekwisha kutokea. Hakuna onyesho la asubuhi ya kwanza ya nywele kubaki kwenye mto, hakuna kioo, hakuna mkasi. Katika tamthilia ambayo mhusika wake ametumia maisha yake kubishania mkato na nukta mkato katika soneti moja, kimya hiki si cha bahati mbaya.

Ni rahisi kukisoma kichwa hicho kama ishara: kuvuliwa fahari, msomi kugeuzwa kiumbe cha maabara, maisha kuchungulia kifo. Usomaji huo una mashiko, lakini unakimbilia maana kabla ya kuuliza swali dogo zaidi la kiisimu, yaani nani katika tamthilia hii anazitaja nywele, na kwa umbo gani la kisarufi.

Jibu linapatikana katika onyesho la raundi ya madaktari. Daktari Kelekian amesimama kitandani pa Vivian na kundi la madaktari wanaojifunza ubingwa, naye anawauliza madhara ya dawa. Wanashindana kutaja madhara ya ndani, yale yenye majina marefu ya Kigiriki na Kilatini. Anawahimiza waendelee, anawataka watumie macho, nao hawalioni analolitaka. Mwishowe analisema mwenyewe kwa kukereka, na linakuwa jina tupu la maneno mawili: nywele, na upotevu wake. Wanafunzi wanalalamika kwamba hilo liko wazi mno kuhesabiwa kuwa jibu. Vivian naye anaona wana haki.

Onyesho hili huchekesha ukumbini, na linastahili kuchekesha. Ukali wake umo katika lile jina. Katika Kiingereza jina la namna hiyo linaweza kusimama bila mtu na bila wakati, kama kipengee katika orodha. Nywele zinatajwa, upotevu unatajwa, na mwenye kichwa hatajwi ingawa amelala mbele yao.

Nani kapoteza?

Mfasiri anayetaka njia fupi ataandika "upotevu wa nywele" au "kupoteza nywele", kwani ndiyo lugha inayosikika katika maelezo mengi ya tiba, hasa yaliyotafsiriwa. Mgonjwa huambiwa: "Utapoteza nywele." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Ina kosa jingine. Kitenzi -poteza ni kauli ya kutendesha ya -potea. Anayepoteza ndiye anayesababisha kitu kipotee. Mtu hupoteza ufunguo kwa kutokuwa mwangalifu, hupoteza fedha kwa ulevi, hupoteza muda kwa uvivu. Mgonjwa aliyeambiwa atapoteza nywele amewekwa mahali pa mtenda wa tendo asilolitenda.

Itajibiwa kwamba Kiswahili kina "kupoteza fahamu" tangu zamani na hakuna anayelaumiwa kwa kuzimia. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini fahamu zikipotea hazionekani zilipo, ilhali nywele za mgonjwa wa tibakemikali zinaonekana zilipo wazi kabisa: kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye maji ya kuogea, kwenye kola ya blauzi. Kitu kinachookotwa kwa mkono hakijapotea. Kimetoka mahali pake, na hilo ndilo linalomliza mtu. Neno "kupoteza" limekuja pamoja na tafsiri, sawa na "kupoteza mzazi" kwa maana ya kufiwa, na yote mawili yanafunika kitu ambacho lugha ilikuwa na njia nzuri zaidi ya kukisema.

Manyoya na majani

Vitenzi vya asili vya jambo hili ni vingi. Nywele hukatika zinapoharibiwa na dawa ya kuzilainisha; hung'oka zinapotoka na shina; hunyonyoka; hupukutika. Vyote vina umbo la kutendeka, lenye -k- inayoonyesha hali iliyofikiwa bila kumtaja aliyeifikisha. Tofauti na kauli ya kutendwa, umbo hili halikaribishi mtenda kwa kihusishi "na". Husemwa kwamba nywele zimenyonyoka kwa sababu ya dawa. Mtu akitaka kusema "na dawa" atalazimika kugeuza kitenzi kiwe zimenyonyolewa, na hapo hapo kuku ataingia katika sentensi.

Kuku huyo si wa kupuuzwa. Kunyonyoa ni kazi ya jikoni: maji ya moto, beseni, manyoya. Ingawa -nyonyoka ndicho kitenzi sahihi zaidi kwa nywele zitokazo zenyewe, kina harufu ya beseni hilo, na wapo wagonjwa watakaoisikia. Kwa upande wa usahihi hakina mshindani. Dawa nyingi za tibakemikali hushambulia chembe zinazogawanyika upesi, na chembe zinazotengeneza unywele ni miongoni mwa zigawanyikazo upesi mno. Kwa kuwa takribani asilimia 90 ya nywele za kichwani huwa katika hatua ya kukua kwa wakati mmoja, zinapoanza kutoka, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya dawa ya kwanza, hutoka kwa mafungu.

Kitenzi -pukutika kina hatima ya ajabu zaidi. Asili yake ni majani ya mti, na mti uliopukutika huchipua tena. Kwa kuwa nywele za wagonjwa walio wengi huota upya miezi michache baada ya tiba kumalizika, pengine zikiwa na rangi au mkunjo tofauti, kitenzi hiki kingeonekana kuwa zawadi kwa muuguzi. Lakini katika miaka ya UKIMWI kitenzi hicho hicho kilitumika kwa watu: vijana walipukutika, familia zilipukutika. Msikilizaji mwenye umri wa kuyakumbuka hayo haambiwi juu ya mti peke yake. Mfasiri aliyechagua -pukutika kwa ajili ya tumaini lake amechukua na makaburi.

Muhimu kuliko uchaguzi wa mzizi ni nafasi ya mtu katika sentensi, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao makala ya Kiingereza kuhusu Wit hayawezi kuuona. Inaweza kusemwa "nywele zake zimenyonyoka", mtu akiwa mmiliki tu, kama mwenye nyumba iliyovuja. Inaweza kusemwa "amenyonyoka nywele", kwa muundo ule ule wa "amevunjika mguu", ambamo mtu mzima ndiye kiima na kiungo kinafuata. Aliyevunjika ni yeye. Inaweza pia kusemwa "nywele zimemnyonyoka", nywele zikiwa kiima na mtu akiingia kama -m-, yule ambaye jambo limemfika. Miundo hii mitatu inaeleza tukio moja na kumweka mgonjwa mahali patatu. Umbo la nne, "kunyonyoka kwa nywele", halimweki popote.

Kwa hiyo mfasiri wa onyesho la raundi hapaswi kutafuta neno moja zuri na kulirudia. Kelekian apewe umbo la nne, katika orodha, baada ya madhara mengine yaliyotajwa kwa umbo hilo hilo: kushuka kwa hiki, kuharibika kwa kile, kunyonyoka kwa nywele. Ucheshi utabaki, na ubaridi wake utabaki. Kiambishi cha mtu kiwekwe akiba kwa ajili ya Vivian mwenyewe na, pengine, kwa muuguzi Susie, ambaye maneno magumu ya wasomi humpita lakini ndiye pekee anayezungumza na mgonjwa kama mtu.

Anayenyoa

Lipo kundi la wagonjwa ambalo Vivian hayumo, nalo ni la wale wasiosubiri. Wanapoziona nywele za kwanza kwenye mto, au hata kabla, humwita dada au shoga, wakaketi uani, wakanyolewa. Wengine huenda kwa kinyozi. Washauri wa wagonjwa wa saratani hulipendekeza jambo hili, na sababu inayotolewa kwa kawaida ni ya kivitendo: nywele fupi hazisumbui zinapodondoka. Sarufi ina sababu nyingine. Aliyesema "nimenyoa" ametoka katika kauli ya kutendeka na kuingia katika kauli ya kutenda. Kichwa ni kile kile, sentensi si ile ile. Wiki mbili baadaye dawa haitakuta cha kunyonyoa.

Audre Lorde, katika The Cancer Journals ya mwaka 1980, alikataa kuvaa titi la bandia baada ya upasuaji, na akasimulia jinsi muuguzi alivyomwambia kwamba kutolivaa kunavunja moyo wa wengine pale kliniki. Swali alilouliza, yaani kifuniko hiki ni kwa faraja ya nani, linahusu wigi sawasawa. Halihusu ushungi kwa namna ile ile. Mwanamke ambaye amefunika kichwa barabarani tangu ujana wake hana la kuficha sokoni. Upotevu wake unamsubiri ndani, mbele ya mume na watoto. Fasihi iliyochukulia kwamba aibu ya kichwa kitupu iko nje ya mlango inaeleza miji fulani tu.

Jukwaa lenye vichwa vingi

Jambo la mwisho ni la muongozaji zaidi kuliko mfasiri. Jukwaa la Marekani linaweza kutegemea kwamba mwanamke asiye na nywele atasomwa mara moja kama mgonjwa. Jukwaa la Dar es Salaam haliwezi. Wasichana wa shule nyingi za serikali hunyoa. Waliofiwa katika jamii kadhaa hunyoa. Wengine hunyoa kipara kwa kuwa kinawapendeza, ingawa neno kipara lenyewe bado lina utani wa kiume ndani yake na kumwita mwanamke mgonjwa mwenye kipara ni kumkejeli. Muongozaji atahitaji nyusi na kope, ambazo nazo dawa huziondoa. Uso usio na nyusi hauna mila inayoueleza.

Lakini anapata pia kitu ambacho Edson hakukitarajia. Katika onyesho moja Vivian anarudi siku aliyotimiza miaka mitano, akisoma kitabu huku baba yake akisoma gazeti, na mwigizaji anaicheza akiwa na kichwa kile kile. Kwa mtazamaji wa Marekani ugonjwa unaingilia kumbukumbu. Kwa mtazamaji wa Tanzania mtoto wa miaka mitano aliyenyolewa ni mtoto tu, na kwa dakika chache saratani inatoweka jukwaani bila mtu kuiondoa. Kisha anarudi kitandani.

Katika dakika za mwisho, wakati watabibu wanagombana juu ya mwili wake, Vivian anainuka na kuanza kuvua alichonacho. Kapelo ndiyo ya kwanza, kabla ya utepe wa hospitali ulioko mkononi na kabla ya magauni. Maelekezo ya jukwaani yanasema anaitoa na kuiacha ianguke. Mfasiri aliyechoka ataandika kwamba kofia inamdondoka, na itaonekana sawa, kwani itakuwa sakafuni kwa vyovyote. Aandike "anavua".