Mtu Ajuaye Kila Kazi

Tulipoanza kutunga hadithi yetu ya kwanza, tulitaka shujaa asiyeshindwa na neno lo lote. Tukampa uhunzi, uganga wa mitishamba, uwindaji, kuogelea, kuimba, na lugha sita. Tukamsomea jirani yetu seremala. Alisikiliza kurasa nne, kisha akauliza, "Huyu alijifunza lini?" Hatukuwa na jibu, na daftari likaingia sandukuni.

Swali lile lilituru­disha kwenye kitabu cha Robinson Crusoe, alichokitunga Mwingereza Daniel Defoe, kikapigwa chapa London mwaka 1719. Crusoe naye ni mtu wa kazi nyingi. Katika kisiwa chake, kwa muda wa miaka 28, awa seremala, mfinyanzi, mkulima, na mshona nguo za ngozi. Lakini angalieni, wasomaji, jinsi Defoe alivyompa kazi hizo. Ubao mmoja wa rafu wamtoza siku 42. Miezi miwili ya ufinyanzi yamletea vyombo viwili tu, navyo vina sura mbaya. Vingine vilipasuka juani. Hata siku moja aona kigae kimeungua motoni mwake, kigumu kama jiwe, ndipo ajua la kufanya. Kila mama mfinyanzi asomaye mahali hapo atacheka, naye atamsadiki.

Tena uko ule mwerezi. Aliukata siku 20, akaupogoa siku 14, akauchonga mwezi mzima, akaukomba ndani karibu miezi 3. Kumbe, mtumbwi umekuwa mzito mno, hauburutiki mpaka majini, wala maji hayakuwa mbali! Ukabaki pale pale. Sisi tungalimpa shujaa wetu hila ya kuushusha. Defoe alimwacha ashindwe. Kwa hiyo achongapo mtumbwi wa pili, ulio mdogo, na kuuchimbia mfereji, twamwamini.

Hata hivyo hatuwezi kukisifu kitabu chote. Jahazi la Crusoe lilivunjika alipokuwa akienda Guinea kuchukua watumwa. Na kabla ya hapo alikuwa amemwuza kijana Xury, aliyetoroka pamoja naye kifungoni na kumtumikia kwa uaminifu, kwa reale 60. Baadaye, huko Brazil, alikiri kwamba alikosa kumwacha kijana yule. Kwa nini? Kwa sababu shamba lake lilihitaji mikono! Kosa la mtumbwi Defoe amelieleza siku kwa siku. Kosa la Xury alipita juu yake upesi, kana kwamba mtu ni mzigo ulioshushwa njiani. Mikono ya Crusoe yafundishwa kila ukurasa, na hapo moyo wake haukufundishwa.

Juzi tumelitoa daftari letu sandukuni. Lugha tano tumezifuta, na jembe la kwanza alilolifua shujaa wetu limepindika udongoni. Ila bado hatujajua atamkosea nani, wala atalitambua kosa lake kwa njia gani. Seremala amekwisha kuuliza mara mbili.