Kigoda na Aliyekikalia

Kigoda cha Wakisii huchongwa kwenye gogo moja. Kikalio na miguu ni mti uleule, bila gundi wala msumari. Kisha fundi huchukua shanga ndogo, akazipigilia usoni moja moja, mpaka mti uchanue. Subira ya kazi hiyo yanishangaza kila nikiitazama, maana ukipiga kwa pupa shanga inapasuka.

Huku Magwagwa, kama kwingineko Nyamira na Kisii, mzee wa boma alikuwa na kigoda chake. Chukua kilichotumika miaka mingi, ukigeuzie mwangani. Shanga za ukingoni bado zina rangi. Za katikati zimesuguliwa zikafifia, nyingine zimeng'oka na kuacha vitundu. Ukiona upande wa kushoto umechakaa zaidi, unajua mwenyewe alipenda kuegemea huko. Humwoni, lakini unajua alivyokaa. Fundi alitengeneza kiti, mwili ukakimalizia, na kwangu hao ni wasanii wawili wa kazi moja.

Vigoda vya namna hii vimo katika makumbusho ya ng'ambo. Mradi wa International Inventories Programme umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko kwenye taasisi za nje. Mwaka 2021, makundi mawili ya wasanii, The Nest Collective la Nairobi na SHIFT la Ujerumani na Ufaransa, yalishiriki katika maonyesho ya Invisible Inventories kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mle mlikuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Naona ulikuwa uamuzi wa kijasiri: picha ya kigoda ingeturidhisha upesi, tukaenda zetu. Kabati tupu linakufanya uulize nani alichonga, nani alikalia, nani alichukua. Mara nyingi jina la mchukuaji limeandikwa, la fundi halipo.

Hata hivyo utupu huo si sawa na ule wa kigoda. Kigoda kikibaki kitupu, mwenyewe ameondoka baada ya kukitumia. Kabati ni tupu kwa sababu kitu kilitwaliwa, na wajukuu wa fundi hawakupata kukigusa wajifunze mkono wake.

Vigoda hivyo vikirudi, naomba visipandishwe juu ya meza ndefu. Viwekwe sakafuni, kwa kimo chake, mtazamaji ainame aone zile shanga zilizofifia.