Unarudi Lini? Peponi ya Gurnah Ikisomwa Mtendeni

Kiswahili kina kitenzi kinachomsumbua kila aliyetoka kwao: kurudi. Ukiwa Dar es Salaam, mama akipiga simu kutoka Tabora na kuuliza "unarudi lini?", anataka kujua siku utakayofika. Ukishafika, ukakaa siku tatu, ukamaliza kusalimia mtaa wote wa Mtendeni, jirani naye anauliza, "unarudi lini?" Yeye anataka kujua siku utakayoondoka. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali ambapo anayeuliza anadhani ndiko kwako.

Nimeisoma Peponi nikiwa na neno hilo masikioni. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Gurnah alipata Nobel mwaka 2021, na Mkuki na Nyota wakaichapisha Peponi mwaka 2022. Miaka 28, basi, kabla msafara ule haujasimuliwa kwa lugha ambayo wahusika wake wengi wangeizungumza. Darasani kwetu tulikubaliana haraka sana kwamba kitabu "kimerudi nyumbani". Mimi nilibaki nikijiuliza: nyumbani kwa nani?

Uhakiki mwingi wa Gurnah humsoma kama mwandishi wa kuondoka. Haishangazi. Alitoka Zanzibar akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza, na riwaya zake zimejaa watu wenye masanduku. Mfano unaopendwa ni Admiring Silence ya mwaka 1996. Msimulizi wake, ambaye hana jina kitabu kizima, anarudi Zanzibar baada ya miaka ipatayo 20. Nyumbani hawajui kwamba huko Uingereza ana mwenza Mwingereza na binti mkubwa, wamemtafutia mchumba. Anaukuta mji umechakaa, vyoo vimeziba, na wakubwa wana mipango mikubwa ya maneno. Akisema ukweli, familia inamshangaa kama mtu aliyefanya uchafu sebuleni. Anapanda ndege kurudi, na huko nako mwenza wake anamwacha.

Ni kitabu kizuri, chenye kuchekesha kwa uchungu. Lakini nikikisoma leo, nikiwa na umri wa mtu ambaye ndiyo kwanza anapigia hesabu maisha, naona kinamruhusu msimulizi anasa moja: tiketi ya pili. Kubaki au kuondoka kwake ni swali kwa sababu ana pa kwenda. Mama yake hana swali hilo. Mchumba aliyetafutiwa hana. Wao wamo kwenye kitabu kama kuta za chumba anachokipima kabla ya kuamua kama atapanga.

Ndiyo maana naishikilia Peponi kama jibu zito zaidi, ingawa iliandikwa kabla. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na Ami Aziz kama rehani ya deni la baba yake. Anafanya kazi dukani pwani, anaiangalia bustani yenye ukuta, kisha anafuatana na msafara kuingia bara, ng'ambo ya ziwa, hadi kwa Chatu ambako mali yote nusura ipotee. Anaporejea pwani, deni limemezwa na mambo makubwa zaidi, na hapo tunategemea swali lijitokeze: sasa arudi kwao? Gurnah analifunga kwa sentensi chache tu. Baba amekufa, mama amehama, hakuna ajuaye aliko. Mahali pa kurudi pamefutwa wakati mtoto yuko safarini. Anayefikiri kwamba nyumbani hukaa palepale kukusubiri asome kurasa hizo polepole.

Mtu ninayemrudia ni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Haongei sana, ana maji yake, miti yake na kitabu chake cha kasida. Bibi mwenye nyumba aliwahi kumpa uhuru, naye hakuupokea. Wanafunzi wenzangu walimsoma kama mtu aliyezoea utumwa kiasi cha kuupenda. Sikubaliani nao. Hoja ya mzee ni kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi hata aweze kuutoa zawadi. Angeupokea, angekuwa amekubali kwamba ulikuwa wake. Kwa hiyo anabaki, na kubaki kwake hakumwombi mtu ruhusa wala shukrani. Khalil naye anabaki dukani ilhali hafungwi tena na deni. Amefungwa na dada yake, Amina, ambaye ndoa yake na Aziz ndiyo iliyomkomboa. Riwaya haisemi kwamba hawa wawili wamefanya vizuri. Inachosema ni kwamba wameamua, jambo ambalo Yusuf, anayekimbilia safu ya askari wa Wajerumani mwishoni, hatujui kama amelifanya au amesukumwa tu na miguu yake.

Hapo nainua mkono kama mtu wa Tabora. Bara katika Peponi ni njia. Watu hupita, hulipa hongo, huugua, huibiwa, hurudi. Wenyeji huitwa washenzi na wafanyabiashara, na kwa Kiingereza neno hilo lilipita kama kiungo cha kigeni katika mchuzi. Katika Kiswahili halina pa kujificha. Ukilisoma kwa sauti sebuleni Mtendeni, mbele ya watu ambao mababu zao walibeba meno ya tembo mabegani, chumba kinanyamaza. Najua mtetezi wa Gurnah atasema hayo ni macho ya wafanyabiashara, si ya mwandishi, na atakuwa amesema kweli. Riwaya inawacheka waziwazi. Bado, ndani ya msafara ule hakuna mpagazi hata mmoja ambaye tunafuatana naye mpaka mlangoni kwake.

Na wapagazi ndio waliolijua swali la kurudi kuliko wote. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na misafara wakati wa kiangazi na kutaka kuwa wamefika kwao kulima mvua zinapoanza. Burton na Speke walipoingia Kazeh, hapahapa Unyanyembe, Novemba 1857, walikuta wabebaji wakitawanyika kwenda makwao, na wazungu hao wakalalamika kama vile watu hao walikuwa wamevunja sheria. Sheria ilikuwa ya shamba. Wengine walibaki Bagamoyo, wakaoa, wakazikwa huko. Kila mwaka mtu alikuwa anachagua upya, mzigo ukiwa begani, bila riwaya ya kumliwaza.

Tabora yenyewe imejengwa na watu waliokuja kwa muda. Waarabu wa Oman na Waswahili walikuja kufanya biashara, Wamanyema wakaja kutoka Kongo, wengi wao si kwa hiari. Reli ya kati ikafika mwaka 1912 na kuwaleta wengine. Jina la Mtendeni linatokana na mtende, mti ambao si wa misitu yetu ya miombo. Kuna mtu aliupanda. Mtende huchukua miaka kabla ya kuzaa. Siwezi kufikiri kwamba aliyeupanda alikuwa na nia ya kufunga mizigo msimu ule, hata kama alikuwa akiwaambia jamaa zake wa Muscat kila mwaka kwamba anarudi.

Tukitaka riwaya ya mtu anayerudi bara, si pwani, inabidi twende kwa Kezilahabi. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe, na elimu yake inamkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Hawezi kuzungumza na baba yake. Anaoa, anafiwa, anajiua. Nilipoisoma shuleni ilinitisha. Sasa inanikera kidogo. Kezilahabi anaufanya mlango wa nyumbani kuwa mzito mno hata mhusika hana njia ya kuingia isipokuwa kuanguka. Yeye mwenyewe alikwenda kufundisha Botswana miaka mingi, akaendelea kuandika kwa Kiswahili. Katika maisha yake, basi, palikuwa na njia ya tatu ambayo hakumpa Kazimoto: kuondoka bila kuacha.

Nayasema haya nikiwa na haja nayo. Nimebakiza tasnifu ya uzamili. Kuna nafasi ya kujitolea kufundisha sekondari Tabora, posho ndogo. Kuna pia fomu ya shahada ya uzamivu nje ya nchi, ambayo msimamizi wangu anaamini ningeipata. Likizo iliyopita shangazi alinifungia matobolwa kwenye mfuko wa unga, kilo kama tatu, chakula kinachokaa miezi bila kuharibika. Nikamwambia, "Shangazi, mbona mengi hivi, nakwenda Dar tu." Akasema, "Chukua, mwanangu. Sijui unakwenda wapi." Hakukuwa na lawama ndani yake. Alikuwa amepima vizuri kuliko mimi.

Kinachonizuia kuijaza ile fomu haraka si mapenzi ya ardhi. Ni kwamba fomu inanitaka nieleze nitakavyoirudishia jamii yangu elimu nitakayoipata, na ninaisikia sauti ya yule bibi wa Peponi akitoa zawadi isiyo yake. Kinachonizuia kukubali kazi ya shule ni jambo dogo zaidi: maktaba. Nilitafuta Peponi mjini Tabora wiki nzima na sikuipata. Nakala ninayoitumia niliinunua Dar. Kitabu kinachosemwa kimerudi nyumbani kimeishia kwenye stesheni ya kwanza ya reli.

Sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa iwe juu ya bustani. Nimeibadilisha iwe juu ya wapagazi, na nimemwomba msimamizi ruhusa ya kuiandikia Mtendeni, kuanzia Oktoba. Nakala yangu ya Peponi nitakwenda nayo. Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa huko ameshaiomba, na baada yake kuna foleni ya watu wanne. Fomu mwisho wake ni Januari.