Maendelezo ya Majina ya Kihaya

Wengi hulihesabu jina la mtu kuwa ni alama tu ya kumtenga mwenye nalo na wenziwe. Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba sivyo. Jina la Kihaya mara nyingi ni sentensi nzima, yenye kiima na kitenzi, na pengine kikanushi pia. Na mwenye kumpa mtoto jina hunena neno lake juu ya uzazi, juu ya kifo, juu ya majirani au juu ya Mungu. Mutalemwa ni "asiyeshindwa". Tibaijuka ni "hawakumbuki". Byarugaba ni "vya Rugaba", yaani vya Mungu aliye Mgawaji. Asiimwe ni "na ashukuriwe". Basi mzazi aulizaye jinsi ya kuliendeleza jina kama hilo haulizi habari ya pambo la cheti. Aulizalo ni kama sentensi hiyo itasomeka bado siku ambayo yeye hayupo kuieleza.

Swali hili limepata uzito kwa sababu ya desturi ya siku hizi. Wazazi, hasa wa mjini, hupenda kulirudisha jina la babu au bibi, lakini huliandika kwa namna isiyozoeleka, ili mtoto awe na jina la ukoo na papo hapo asifanane na mwingine. Mahali pa i huwekwa y. S moja hufanywa mbili. H huongezwa pasipo na sababu. Wazee hukasirika, vijana husifu, na pande zote mbili hukata shauri kwa jicho tu: wa kwanza huona kwamba kigeni ni kosa, wa pili huona kwamba kigeni ni uzuri. Hukumu zote mbili ni nyepesi.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba hayo yaitwayo maendelezo ya kawaida nayo si ya kale sana. Mapadre Weupe walianza kazi Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Kabla ya shule za misheni, majina hayo yalikaa vinywani na katika tendi zilizoimbwa kwa enanga. Hayakuwa na herufi za Kilatini. Walioyaandika mara ya kwanza waliyasikia kwa masikio mbalimbali, na alama za jambo hilo zingali zikionekana. Mwandishi wa historia ya Kiziba, iliyopigwa chapa mwaka 1949, ni Lwamgira, kwa L. Kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyeteuliwa mwaka 1960, ni Rugambwa, kwa R. Katika Bunge la Tanzania walipata kuwamo Wilfred Lwakatare na Getrude Rwakatare, na jina lao ni moja. Hapana sentensi iliyoharibika hapo. Anayegombana juu ya R na L agombana juu ya ganda, na kiini ki salama.

Lakini ziko herufi ambazo zikiguswa, kiini chenyewe huguswa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mutalemwa. Jicho lililozoea Kiswahili hulipunguza jina hili kuwa Mtalemwa, kwa kufuata mfano wa mtu na mtoto. Imeondoka herufi moja tu. Lakini tazama lililotokea. Katika Kihaya silabi -ta- hapa ni ya kukanusha: mu-ta-lemwa, asiyeshindwa. Katika Kiswahili -ta- ni ya wakati ujao, na m- mbele yake ni ninyi. Msomaji asiyejua Kihaya, akilikuta Mtalemwa, hulisikia kama tishio kwa watu wengi, wala si sifa ya mtu mmoja. Na kwa kuwa kulemewa ni neno la Kiswahili lililo jirani, jina la ushindi lamfikia kama utabiri wa kuelemewa. Mtaalamu wa tendi za enanga, M. M. Mulokozi, ameibakiza u katika jina lake, na maana yake, Mwokozi, yajitokeza mara moja. Hata Muleba yenyewe haijawa Mleba.

Mfano wa pili wageuza mambo kinyume. Asiimwe, kwa i mbili, huonekana na wengi kuwa ni andiko la madaha, na makarani huliandika Asimwe. Lakini Kihaya hutenga irabu fupi na irabu ndefu, na irabu ya jina hili ni ndefu. Kwa hiyo andiko lionekanalo geni ndilo lililo aminifu, na lile la kawaida ndilo lililopunguka. Wasomaji wa Kiswahili hawana haki ya kushangaa: Shaaban Robert aliandika a mbili katika jina lake, wala hakuna aliyemwita mpenda madaha.

Jambo hili si la Kagera peke yake. Katika Ireland jina la kike la kale, Niamh, hutamkwa karibu na "Niv", kwa maana katika lugha ya Kiairishi mh huweza kuwa na sauti ya v. Mgeni huliona kuwa ni fumbo. Mwenyeji huona kanuni. Wako waliolibadili kuwa Neve ili Mwingereza asijikwae, na kwa kufanya hivyo wamempa mgeni urahisi na kumnyang'anya mtoto kanuni. Brian Friel, katika tamthilia yake Translations ya mwaka 1980, alimweka jukwaani Owen, ambaye maofisa wa Kiingereza wamwita Roland, naye mwanzoni huliachilia kosa hilo lipite kana kwamba si kitu. Tamthilia nzima yaonyesha ni kitu kikubwa namna gani.

Kipimo, basi, si ugeni wa andiko. Kipimo ni kama nyuma ya andiko iko kanuni ya lugha. I ya pili ya Asiimwe ina kanuni; y na s mbili zilizopachikwa humo kwa ajili ya urembo hazina. Mtoto aandikwaye Assymwe atayatumia maisha yake kuwatajia makarani herufi moja moja, na vyeti vyake vikipishana ataapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye. Na akiulizwa maana ya jina, hizo herufi za ziada hazitamsaidia kujibu.

Hata hivyo, tamaa ya mzazi huyo si ya kudharauliwa. Kutaka mwana asiye nakala ya mwingine ni tamaa ya kale sana katika Kihaya. Lakini wazee waliitimiza kwa njia nyingine: walitunga sentensi mpya. Aliyefiwa, aliyesengenywa, aliyekata tamaa kisha akapata mtoto, kila mmoja alinena lake, na likawa jina. Mlango huo haujafungwa. Mzazi wa Bukoba au Muleba atakaye jina lisilo na mfano na atunge neno ambalo halijanenwa, kisha aliandike kwa herufi zake zote, ili mjukuu asiyekijua Kihaya apate mahali pa kuanzia kujifunza.