Mzaha Uliobeba Huzuni: EarthBound katika Mizani

Wapo wapenzi wa fasihi washikao kwamba kicheko ni cha kuchangamshia baraza tu, na kwamba shairi lenyewe ni huzuni. Dai hilo hupata taabu mbele ya EarthBound, mchezo wa video ulioandikwa na Mjapani Shigesato Itoi. Ulitolewa Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, kisha Marekani mwaka 1995 kwa jina ulilojulikana nalo baadaye. Mchezaji huvaa uhusika wa mtoto Ness, humwongoza yeye na wenzake watatu mji hadi mji, hupigana, huongeza nguvu, na mwisho humkabili Giygas, adui wa ulimwengu. Muundo huo ni wa kawaida kwa michezo ya aina yake. Lisilo la kawaida ni kuwa kila jambo zito humo hupitishwa mlango wa mzaha. Basi la kuuliza ni hili: mzaha huo umebeba kitu, au umekuja mikono mitupu?

Itoi, aliyezaliwa mwaka 1948, alijulikana kwanza kwa kuandika matangazo ya biashara, kazi inayomfunza mtu kusema mengi kwa maneno machache. Maandishi yake ya Kijapani humo ni ya kana, herufi za sauti ambazo mtoto hujifunza mwanzo, kwa hiyo neno husikika sikioni hata likisomwa kimya. Mwanzo wa kisa watosha kuonyesha mkono wake. Kimondo kinaanguka usiku, na ndani yake anatoka mjumbe wa wakati ujao, mdudu mdogo afananaye na nyuki. Anautoa utabiri wa ushindi, kisha mama wa jirani anamdhania mdudu wa kuudhi na kumpiga kofi. Katika tenzi mjumbe wa namna hiyo angepokewa kwa heshima. Hapa anakufa sakafuni, lakini si kabla ya kumkabidhi Ness jiwe la kuhifadhia sauti nane za safari yake. Msomaji hucheka, na amana imekwisha pokewa.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika baba. Baba yake Ness haonekani hata mara moja; yupo katika simu tu. Kila adui ashindwapo, baba hutia pesa benki, na mtoto azitaka huzitoa kwa mashine. Anayetaka safari yake ihifadhiwe sharti ampigie baba. Mchezaji akikaa muda mrefu, baba mwenyewe hupiga simu na kumnasihi apumzike. Kwa juu, hayo ni kejeli juu ya mzazi mtafuta riziki aliyegeuka hawala ya pesa. Kwa kurudiarudia, sauti ile inakuwa kibwagizo, na kila kinaporudi pengo la uso wake linazidi kuonekana. Hakuna mhusika asemaye kwamba mtoto anamkosa baba. Haikuhitajika.

Mama naye amewekwa ndani ya hesabu za mchezo. Ness akikaa mbali na nyumbani hushikwa na hamu ya kwao, na katikati ya vita fikra zake humwendea mama, zamu ya kupiga ikampita. Dawa ni kumpigia simu. Hapo kanuni ya mchezo imefanya kazi ya ubeti: hisia haikuelezwa, imegharimu pigo. Ndivyo pia ilivyo mita ya uhai, ambayo hushuka tarakimu kwa tarakimu kama ya gari. Aliyepata pigo la kufisha bado anaweza kuishi, lau vita vitakwisha kabla ya sifuri. Na walioshindwa aghalabu hawauawi: mnyama hutulia, mtu hurudiwa na akili zake.

Kasoro zinaanza pale mzaha unapotangulia ujuzi. Nchi ya Ness ni Marekani iliyochorwa na mgeni aliyeitazama kwa mapenzi, na polisi wake wanaojisifu kwa kufunga barabara wanachekesha kwa sababu wametazamwa vizuri. Safari ifikapo Scaraba, nchi ya jangwa, mwandishi anaridhika na piramidi, ngamia na wachuuzi, vitu ambavyo mtu yeyote angevikuta katika kadi ya posta. Utani wa kweli hutaka kumjua mtaniwa, na huko mtaniwa hajulikani.

Wenzake Ness nao wamepunjwa. Jeff anakutana na baba yake baada ya miaka kumi, na mzee anamuaga kwa kupendekeza waonane tena baada ya kumi mingine. Ni utani mkali kama kisu. Poo, mwana wa mfalme wa Dalaam, anakaa katika mazoezi ya roho huku mzimu wa ukoo wake ukimtwaa miguu, mikono na masikio. Ni tukio zito kuliko mengi humo. Hata hivyo, wakishaungana na Ness, wote wawili wananyamaza karibu moja kwa moja. Kidonda kimefunguliwa, kisha kikasahauliwa.

Kuna na udhia mdogo usiokwisha. Kila mhusika hubeba vitu 14 tu, na ramani, baiskeli na kadi ya benki vyote vinahesabiwa, hata mchezaji anatumia muda mwingi kupanga mkoba.

Toleo la Kiingereza, lililoandikwa zaidi na Marcus Lindblom, linastahili sifa kwa kuutunga upya mzaha badala ya kuubeba neno kwa neno, ijapokuwa baa ziligeuzwa mikahawa na Ness, aliyekuwa uchi katika ndoto yake, akavishwa nguo za kulalia. Tangazo la Marekani liliunadi mchezo kwa kusema kuwa unanuka, na mauzo yakawa haba: mwandishi wa matangazo aliangushwa na tangazo. Ulaya haikuupata rasmi hadi mwaka 2013.

Mwisho wake lakini unalipa madeni mengi. Silaha zinaposhindwa, msichana Paula anaomba dua, na dua inawafikia mmoja mmoja wale waliokutana nao njiani, hata kumfikia mchezaji mwenyewe, ambaye jina lake liliulizwa zamani kwa njia ya upuuzi. Swali lile la kuchekesha lilikuwa linamwandalia nafasi katika dua. Ness anarudi nyumbani kwa miguu, wala hakuna adui njiani. Kazi hii ina mashimo, na baadhi ni makubwa. Hata hivyo mtunzi anayeogopa kwamba kicheko kitaushusha msiba wake atajifunza kitu kwa baba yule wa kwenye simu, ambaye kila alipochekesha alizidi kuwa mbali.