Majina ya Pembeni mwa Hati

Nilikifungua kitabu cha Thomas McDow, Buying Time (2018), nikimtafuta mtu mmoja: bibi yake bibi yangu. Kwa masimulizi ya nyumbani, aliletwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto asiye na ndugu, kipindi ambacho mapadri wa White Fathers, waliofika hapo mwaka 1885, walikuwa wakikomboa watoto waliokuwa watumwa. Nilijua simkuti. Nilitafuta hivyo hivyo.

Kitabu ni kizuri. McDow amesoma hati za Kiarabu zilizoandikwa Zanzibar karne ya 19: za mikopo, za mashamba, za nyumba. Anaeleza mauzo ya khiyari, ambapo mtu aliuza shamba kwa sharti la kulikomboa baadaye. Kwa kweli alikuwa anakopa, na shamba ndiyo rehani. Alichonunua ni muda. Kwa hati hizo anazifuata familia kutoka Oman hadi Unguja, kisha bara hadi Tabora na kuendelea. Karatasi ya deni inageuka kuwa nasaba, kwa sababu mwandishi wa hati hakuandika jina tupu. Aliandika jina, baba, babu na kabila. Mjukuu anayeisoma leo anapanda ngazi vizazi vitatu kwa mstari mmoja.

Walioachwa huru nao wamo kwenye hati, wakinunua na kuuza, na McDow amewaandikia hata makala ya peke yao. Ila pale ambapo muungwana ana baba na babu, wao wana jina la bwana wao wa zamani. Ngazi inakatika kwenye kipago cha kwanza. Hapa ndipo ninapogombana na kitabu. Kinanoga zaidi kinapowafuata waliosafiri kutafuta nafuu ya madeni yao, na bara linabaki mahali pa kwenda kuchuma. Kwa msomaji aliyekaa Karema, mkato ule ndio hadithi yenyewe.

Waairishi wanalifahamu tatizo hili. Ofisi ya usajili wa hati ya Dublin ilianza mwaka 1708, na baada ya hifadhi kuu ya nyaraka kuungua mwaka 1922, hati hizo zimekuwa tegemeo la wanaotafuta mababu. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 sheria iliwazuia Wakatoliki kununua ardhi. Mjukuu wao anajifunza kuruka jina la mwenye mali na kusoma pembeni: mpangaji, shahidi, jirani anayepakana na shamba. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumsoma McDow mara ya pili.

Disemba iliyopita nilirudi nyumbani kutoka chuoni. Basi hadi Mpanda, kisha gari jingine hadi Karema. Nilimkuta mjomba ana fomu ya kuombea hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa ajili ya shamba la mpunga alilolima bibi. Alikuwa ameshaandika majina matatu: lake na ya wadogo zake wawili wa kiume.

Mama akauliza, "Kaka, shamba hili alilifyeka nani?"

"Mama. Lakini marehemu hapewi hati."

Hakukosea. Ila watoto wa bibi walio hai ni saba, na wanne ni wanawake. Sheria ile ile inampa mwanamke haki sawa na mwanamume kwenye ardhi. Nikamwambia, "Shikamoo tena, mjomba, kabla hujanikasirikia," nikamsomea kifungu kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamsogezea mama kalamu.

Mama aliandika jina lake na la baba yake. Akauliza nafasi ya jina la mama iko wapi. Haikuwepo. Akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, jina la bibi na la mama yake bibi. Mjomba alisema karani wa kijiji atalikata.

Huenda. McDow anasoma hati ambazo waandishi wake wamekufa, na hawezi kuwauliza walimwacha nani. Hii yetu ilikuwa haijapigwa muhuri.