Mstari Unaopita Mbele ya Jicho

Katika milima ya Alberta, Kanada, mwindaji wa kondoo mwitu hulala kifudifudi juu ya mawe, darubini jichoni, akimsubiri dume ageuze kichwa aonekane ubavu. Kisha kwa macho tu huchora mstari kutoka mbele ya shina la pembe hadi kwenye ncha yake. Mstari ukipita mbele ya jicho la mnyama, dume huyo ni halali kupigwa. Usipopita, anaachwa aende zake. Ndiyo sheria ya mkunjo wa nne kwa tano, yaani pembe iliyokunjika sehemu nne kati ya tano za duara, iliyotumika huko kwa miaka mingi.

Sheria hii inapendeza kwa wepesi wake. Askari wa wanyamapori anaweza kuikagua kichwa kikiwa juu ya meza, bila ubishi. Lakini inapima umbo, na umbo la pembe halisemi umri.

Pembe ya kondoo huyu haidondoki ikaota nyingine. Ndani ni mfupa, nje ni gamba gumu kama kucha, na jozi moja ya dume mzima huweza kufika kilo 14. Huota majira ya joto, husimama wakati wa baridi, na kila kusimama huacha pete. Umri wake umo katika pete hizo, ingawa kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya bonde kunataka jicho lililozoea.

Madume wenyewe hawafanani. Wengine pembe zao hubana mashavu, wengine hutanuka kwenda nje. Wazee wengi wana ncha butu, zilizovunjika na kusagika. Kwa hiyo mzee mwenye shina nene anaweza kuwa nyuma ya mstari, huku kijana mwenye ncha kali ameshauvuka.

Huko huko Alberta, kwenye mlima uitwao Ram Mountain, watafiti walianza mapema miaka ya 1970 kuwakamata kondoo, kuwatia alama na kuwapima, mwaka hadi mwaka, huku wakifuatilia nani kamzaa nani. Mwaka 2003 David Coltman, Marco Festa-Bianchet na wenzao walichapisha matokeo katika jarida la Nature: katika takriban miaka 30, pembe zilikuwa zimepungua na miili imekuwa myepesi.

Chanzo kimoja kilikuwa hesabu ya miaka. Dume ambaye pembe zake hukua haraka anaweza kuwa halali akiwa na miaka minne tu. Lakini pembe kubwa humsaidia kushinda wapinzani na kupata majike baadaye, akishakomaa kweli. Basi aliuawa kabla pembe zake hazijamlipa, na mwenye pembe za kudumaa akabaki kuzaa. Msongamano na uhaba wa malisho navyo hudumaza pembe, na si kila mlima ulipata hasara hii. Pale vibali vinapotolewa vichache kwa bahati nasibu, shinikizo ni dogo.

Mwaka 1996 sheria ya Ram Mountain ilikazwa, ikataka mkunjo kamili. Uchambuzi wa 2016 ulionyesha kuwa urithi wa pembe fupi uliacha kuongezeka, lakini pembe ndefu hazikurudi. Hilo linanisikitisha kuliko yote: kosa la miongo miwili halikufutwa na miaka mingi ya kujizuia.

Wapimaji wa nyara wa klabu ya Boone and Crockett wana kipimo kingine. Kila pembe hupimwa urefu mara moja na unene mara nne, hivyo mzee mwenye ncha butu bado hupata alama nzuri. Rekodi yao, alama 216 na 3/8, ni ya dume aliyekutwa amekufa mwaka 2016 katika kisiwa cha Wild Horse, jimbo la Montana. Kisiwani humo uwindaji hauruhusiwi.